Kiti cha Bidoni Kilichokataa Kuzama Rumonge

Nina miaka arobaini na mmoja, nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili jijini Bujumbura, na ziwa Tanganyika nimekuwa nikiliangalia tu. Polio ililegeza miguu yangu nikiwa mdogo. Kuingia majini kungehitaji mwanamume wa kunibeba, na kubebwa kumenichosha, basi nikabaki ufukweni. Hata gunia la mchele hubebwa kwa heshima zaidi, maana watu huogopa lisipasuke. Kwa hiyo binamu yangu Haruna, fundi wa kuchomelea vyuma huko Rumonge, aliponitumia ujumbe wa sauti, "Dada Zaituni, nimetengeneza kiti ya kuingia ku maji. Utajiingiza mwenyewe. Kuya," nilifunika cherehani yangu siku hiyohiyo.

Kesho yake saa moja asubuhi tuliondoka Bujumbura kwa taksi. Dereva, mzee Ferdinand, alikifunga kiti changu cha magurudumu juu ya paa kwa kamba nyingi, kama anafunga ng'ombe mkorofi. Mpaka tunafika Kabezi alikuwa amesimama mara tatu kukikagua. Mimi niliyekuwa ndani hakunikagua hata mara moja.

Gitaza tulisimama kununua ndagala, dagaa wa ziwani, kwa sababu kwenda ugenini mikono mitupu ni aibu. Muuzaji alichungulia dirishani, akaniangalia, kisha akamuuliza Ferdinand, "Huyu anakulaka ndagala?"

"Muulize yeye."

"Anasikiaka Kiswahili?"

"Nasikia, mama," nikamjibu. "Na ninaona muchanga ku ndagala zako."

Alicheka sana, akaniongezea konzi nzima. Tukaagana vizuri.

Saa nne tulifika Rumonge. Haruna alikuwa ufukweni na kazi yake: kiti cha plastiki cha harusini, magurudumu mapana ya toroli, na bidoni nne za njano ubavuni, yale madumu ya mafuta, bado zikinuka mawese. Wavuvi jirani zake walikuwa wamefunga kamba kwenye nguzo mchangani, wakaipeleka mpaka kwenye boya waliloliwekea nanga majini. Nikiivuta naingia, nikiivuta kinyume narudi.

"Umekijaribu?" nikauliza.

"Nilijaribu na mufuko ya muchanga."

"Ikawaje?"

"Ilizama. Ndiyo niliongeza bidoni."

"Na mamba?"

"Iko, lakini kule ku muto. Huku haikuyaka."

"Nani aliiambia isikuje?"

Haruna akainama kukaza bolti ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

Saa tano nilihamia kwenye kiti kile, gauni juu ya suruali, nikaanza kuvuta. Sikujua kwamba waumini wa Kikristo waliotoka Kivu ya Kusini, Kongo, wakazi wa hapo Rumonge, walikuwa hatua chache tu kutoka kwetu, wamekuja kubatizana. Walipomwona mwanamke asiyetembea anajikokota kuelekea majini, hawakuhitaji maelezo. Wimbo ukaanza. Vijana wawili wakaja mbio kunibeba.

"Musiniguse!" nikawaambia. Viganja vilikuwa vinawaka moto, lakini kama wangenishika safari yangu yote ingekuwa bure. Wakasimama. Wimbo ukapanda.

Maji yalifika magotini, yakafika kiunoni, halafu bidoni zikashika kazi na kiti kikaelea. Miguu yangu ikapanda yenyewe, vidole vikatokeza mbele yangu. Nilifurahi kupita kiasi. Nilicheka mpaka nikameza ziwa, na ufukweni wakaamini kwamba Roho ameshuka.

Niliporudi mchangani, mchungaji wao alinisogelea na kanzu yake nyeupe. "Sasa simama, dada."

"Nimechoka, paster. Acha nikae."

"Haujapona?"

"Sikukuya kupona. Nilikuya kuoga. Mimi ni Muislamu wa Buyenzi."

Wimbo ulikufa taratibu, sauti moja moja. Nilimwonea huruma kwa kweli.

Hapo ndipo alipozungumza bibi mmoja aliyeketi mkekani, magoti yamemvimba. Ubatizo wake ulikuwa umeahirishwa mara nyingi, kwa kuwa alikataa katakata kubebwa mgongoni mwa wanaume mbele za watu. "Paster," akasema, "mimi nitaingia na hii kiti."

Mchungaji akamtazama Haruna na kofia yake ya kiislamu. "Itamubeba?"

"Itamubeba. Iko nguvu."

Bibi alivuta polepole kuliko mimi, akipumzika kila baada ya mivuto miwili. Mchungaji alimngoja maji yakiwa kifuani, mikono ameinyoosha. "Shusha mikono," bibi akamwambia. "Utanigusa ku kichwa tu." Akaishusha.

Tatizo ni kwamba bidoni zilikataa kuzama. Mchungaji alisukuma upande mmoja, kiti kikainuka upande wa pili. Mwishowe alimwita Haruna, na wawili hao wakakikandamiza kwa pamoja, mmoja akiita jina la Yesu, mwingine akisema bismillahi, mpaka bibi akazama kichwa na kilemba. Hawakumgusa. Waligusa kiti. Aliporudi mchangani alipangusa uso, akamuuliza Haruna kama anaweza kuingia tena, safari hii kwa kuoga tu.

Saa kumi tulianza kurudi, nikiwa na malengelenge mikononi.

Majirani zangu wa Buyenzi mnaniuliza nimejifunza nini. Mmekuwa mkioga ziwani miaka yote hii, mkirudi mnanisimulia baridi, mawimbi na mchanga machoni. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniambia kwamba mle ndani miguu haina uzito. Siwalaumu. Ninyi yenu haijawahi kuwalemea.