Sufuria ya Chainizi, Kasingirima

Tulipokuwa wadogo, mtu hakufika Kigoma kwa kupitia tu. Ilikupasa uifuate kwa treni, usiku na mchana, mpaka mgongo uchukue umbo la benchi. Sisi tulipandia Dodoma, mimi nikiwa na miaka tisa, baba akiwa amehamishiwa huko mwisho wa reli kuendesha gari la idara ya maji. Nakumbuka asali ya Itigi iliyomwagika kwenye begi la nguo, na chumvi ya Uvinza ikiuzwa madirishani. Kisha ziwa likatokea ghafla, na mama akauliza maji yote yale ni ya nani.

Tulipanga vyumba viwili Kasingirima, Ujiji. Jirani yetu alikuwa Bi Mwajuma, mama mtu mzima ambaye katika shughuli yoyote ya mtaa, iwe harusi au matanga, ndiye aliyegawa masufuria: huyu wali, huyu nyama, huyu mboga. Kupewa sufuria ilikuwa heshima. Wageni walipewa vitunguu wamenye.

Wiki ya kwanza mama alinunua chainizi, mboga ambayo nyumbani kwetu hatukuizoea, akaipika kama alivyopika mlenda: magadi, karanga, mfuniko juu, na moto mpaka iseme basi. Akampelekea jirani bakuli, kama adabu inavyotaka. Bi Mwajuma akaliinamisha upande huu, akaliinamisha upande ule.

"Mama Daudi, hii tunakula au tunakunywa?"

Uani wote wakacheka, na mama naye akacheka. Lakini tuliporudi ndani nilimwona akiliosha lile bakuli mara tatu. Kwa miaka minne iliyofuata, kwenye kila shughuli, alimenya vitunguu.

Hakuomba kufundishwa. Alinituma mimi. Juma, mjukuu wa Bi Mwajuma, alikuwa mwenzangu wa chandimu, na mpira wetu wa makaratasi ulikuwa na tabia ya kuangukia karibu na jiko la bibi yake. Nikirudi nyumbani mama aliuliza kwanza nimeona nini, ndipo aulize nimeumia wapi. Alfajiri za Jumamosi nilifuatana nao hadi bustani za bonde la Luiche, nikijidai nabeba kikapu.

Huko ndiko nilikojua kuwa chainizi haichaguliwi kwa macho peke yake. Bi Mwajuma alivunja shina moja karibu na sikio. Likilia kama kijiti kikavu, anachukua, likijikunja kimyakimya, analirudisha na kuwaamkia wenye bustani inayofuata. Aliangalia palipokatwa: pakiwa na rangi ya chai, mboga ni ya jana. Iliyotoa maua ya njano aliiacha, ni chungu. Majani yenye tundu mbili tatu aliyapenda. Dudu kaonja, alisema, nasi tutaonja.

Nyumbani hakuiosha mpaka muda wa kupika. Aliisimamisha kwenye beseni lenye maji ya kuloweka vikonyo tu, akaifunika kanga mbichi, kivulini karibu na mtungi. Jioni ilikuwa bado inasimama kama askari. Mawese aliyaacha yachemke mpaka harufu ya ubichi iishe, kitunguu, nyanya, kisha mashina peke yake, na majani mwishoni, yamechanwa kwa mkono. Mfuniko hapana. Chumvi mwisho kabisa. Aliipua wakati mtu mwingine angedhani bado, akasema itamalizikia kuiva njiani kuelekea mdomoni. Kwa ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa kukaanga, hakuna aliyekumbuka kuongea.

Nasema hili kwa kujivuna. Nimezunguka, nimepanga vyumba Mwanza, Mbeya, Tunduma na Lindi, na sijaona mji unaoijua chainizi kama Ujiji. Kijana mmoja ninayeishi naye nyumba moja sasa huinunua imeshakatwakatwa, ndani ya mfuko wa plastiki uliotoka jasho, akaiingiza kwenye friji hivyo hivyo. Siku ya tatu anaiuliza simu yake kwa nini imekuwa nyeusi.

Kisha baba akahamishwa tena. Treni ilikuwa inaondoka Jumamosi jioni, na Jumamosi hiyohiyo Bi Mwajuma alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho. Ijumaa Juma alikuja mlangoni kwetu akasema bibi kasema sufuria ya chainizi ni ya Mama Daudi.

Mama alichagua mafungu yote mwenyewe. Kufika adhuhuri mashina yalikuwa tayari, majani chini ya kanga mbichi, mawese yakingoja, lakini upande wa bwana harusi, waliokuwa wanatoka Mwandiga, walikuwa hawajafika. Saa nane, hakuna mtu. Akipika mapema, wageni watakuta uji. Akingoja, treni itamwacha. Baba alipiga honi mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Wanawake wakamwambia pika uende, mwanangu, watakula hivyo hivyo. Mama akajibu, "Hivyo hivyo nilishapika siku moja."

Akakaa pale na mwiko mkononi. Vigelegele vilipoanza barabarani ndipo alipomimina mafuta. Alipika akiwa amesimama, akaipua, akamkabidhi Bi Mwajuma mwiko, akaingia garini na moshi kwenye kanga yake. Hakuona hata mtu mmoja akila.

Tulikuwa tumeshakaa kwenye behewa Juma alipotokea na baiskeli, jasho linamtiririka, sufuria imefungwa nyuma kwa mpira. Akaiinua mpaka dirishani.

"Bibi kasema uikague mwenyewe. Na kasema yeye kaambulia kulamba mwiko."

Mama alipitisha kidole ndani, kikatoka kikavu. Treni ikavuta, na Kigoma sikurudi tena. Siku hizi watu hupiga picha ya chakula kabla hawajakionja. Mama hakuwa na picha ya kumwonyesha mtu, hata sufuria yenyewe Juma aliondoka nayo, maana ilikuwa ya mtaa. Alikaa wima kwenye benchi lile mpaka Uvinza, kama mke wa waziri.