Kadi Niliyoinunua Bila Dikoda Yake

Baba mkwe wangu alikuwa hajawahi kula kwangu. Miaka mitatu nimekaa na binti yake, na kila akishuka kutoka kijijini kwake Kinole anaishia kizingitini: anatua machungwa, anapokea shikamoo yangu, kisha anakumbuka kwamba ana haraka. Siku ya mahari nilibishana bei mpaka ya blanketi la bibi. Hakunisamehe.

Halafu fainali ya kombe ikaangukia Jumamosi ileile aliyokuwa anamwoza binti yake mdogo. Mzee yule na mpira, usimguse.

"Mkwe," akaniuliza, "hakuna namna?"

"Ipo, baba. Nitairekodi. Jumapili mchana uje kwangu, tutaiangalia tukila."

Akakubali. Akaapa na redio hataifungua.

Mashine ilikuwa ya rafiki yangu, mhadhiri wa chuo pale Mazimbu: kompyuta aliyoiunganisha na dishi, inarekodi kwa programu huria, ya bure, isiyofichwa ilivyoandikwa. Miaka hiyo soko lilikuwa huria, redio huria, hadi mitumba huria, nami nilikuwa bado naisubiri faida yangu. Chaneli za bure nilizihesabu zikawa kumi na moja. Nikarudia: kumi na moja, sita za mahubiri. Tukarekodi mahubiri nusu saa, picha ikatoka safi kuliko mhubiri mwenyewe.

Ila fainali ilikuwa chaneli ya kulipia, ile iliyofungwa mpaka uwe na kadi. Nikaenda mjini kwa Mhindi mmoja muuza vyombo vya umeme. Alikuwa na kadi ambayo dikoda yake iliungua kwa radi.

"Nipe kadi tu," nikamwambia. "Hilo boksi kaa nalo."

"Ndugu yangu, kadi hii inamjua dikoda wake. Kwingine haifungui kitu."

Nikacheka. Muuzaji akikuambia vitu viwili havitengani, maana yake anataka kukuuzia vyote viwili. Nikambana mpaka akachoka, akanipa kadi na kunitazama kwa huruma, ambayo niliihesabu kuwa ni kushindwa.

Mhadhiri alitaka tuijaribu. Nikakataa. Niliamini siku za kadi zinaanza kuliwa pale unapoichomeka, na mimi sitoi siku bure. Jumamosi asubuhi tukaichomeka, taa ya kijani ikawaka, tukatega saa na kwenda harusini. Tuliporudi tulikuta faili limerekodiwa, kubwa kweli, la urefu wa saa mbili na nusu. Nikahamishia kompyuta sebuleni kwangu bila kulifungua. Uzito wake ulinitosha.

Jumapili mzee akaja. Akavua viatu, akaketi. Mke wangu alikuwa jikoni na pilau, anaimba.

Mhadhiri akabonyeza. Kioo cheusi. Akabonyeza tena: vipande vya rangi vikaruka kidogo, vikafa. Saa ya pembeni tu ndiyo ilikuwa inakwenda, dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Wametoka uwanjani?" mzee akauliza.

"Imerekodi vizuri, mzee," mhadhiri akasema. "Ila imerekodi ikiwa bado imefungwa. Programu yenyewe haina kosa. Ni huria, kila mtu anaweza kuisoma."

"Basi nisomee bao."

Mzee akanigeukia.

"Na wewe, mkwe, ulipunguziwa nini safari hii?"

Hapo jirani yetu, mwalimu mstaafu wa kike, akapiga hodi kuomba chumvi. Akaona kioo, akaelewa. Yeye analipia dikoda yake kila mwezi, na fainali alikuwa ameirekodi kwenye deki ya video, kwa kufuta kaseti ya kipaimara cha mjukuu wake.

Akamkaribisha mzee kwake, na kabla hajamaliza mzee alishavaa viatu. Mke wangu akatoka jikoni, akatutazama sote, akarudi, akabeba sufuria la pilau na kuwafuata wawili hao. Sahani alichukua tatu. Nikazihesabu tena wakati anavuka ua. Tatu.