Bibi Harusi wa Jumapili

Cha, cha, cha. Vizibo vya soda. Tulivitoboa kwa msumari tukavifunga vifundoni badala ya njuga, na tukikanyaga ile sakafu ya saruji wote kwa pamoja, ukumbi mzima unalia. Hata leo nikiwa kwenye cherehani sauti ile naisikia vilevile.

Ukumbi wenyewe ulikuwa nyuma ya baa, hapa Tabora, kando ya barabara ya kwenda Kwihara. Jumapili mchana baa haina watu, kwa hiyo mwenyewe alituachia sisi: mafundi cherehani, wadada wa kazi za ndani, wauza maandazi. Wiki nzima unawaitikia watu "abee". Pale humwitikii mtu. Bibi yangu alikuwa akisema wapagazi waliopita njia hiyo zamani, wakishatua mizigo ya wenyewe, walicheza kwanza ndipo wakala. Nilimwamini, maana ndivyo tulivyokuwa.

Kisha mwenyekiti wa mtaa akapiga marufuku. Alisema muziki wa wasichana wasio na shughuli unaharibu nyumba za watu. Harusi tu ndiyo ruksa.

"Harusi ruksa?" akauliza rafiki yangu, niliyekuwa nashona naye baraza moja. "Basi tuozane."

Tulicheka, lakini Jumapili iliyofuata tukamkalisha mmoja wetu mkekani, tukamfunika khanga, vigelegele, spika ikafunguliwa. Mwenyekiti akaja kuchungulia.

"Bwana harusi yuko wapi?"

"Yuko safarini, mwenyekiti!"

Akaondoka anasonya. Ikawa kila Jumapili na bibi harusi wake. Mimi nilishaanza kuota ukumbi wetu wenyewe, wenye feni na vioo ukutani.

Zamu ya rafiki yangu ilipofika, habari zikamfikia baba yake mdogo, aliyemlea. Mtu alimpongeza sokoni: "Hongera, nasikia mmeoza." Hakumpiga. Alimwambia tu, "Umejikalisha mwenyewe mbele za watu. Sasa utakaa kweli, la sivyo kwangu huna kitanda." Mume alipatikana kijijini Puge, mkulima, mtu mzima ambaye rafiki yangu hakuwahi hata kusalimiana naye.

Tulikwenda kumsihi huyo baba mdogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mmekuja kunichezea?" Akafunga mlango.

Basi tukala kiapo: siku ya harusi yake hatuchezi. Si walitaka tucheze harusini tu? Hata harusini wasituone.

Siku yenyewe ikafika, spika zilikuwa kubwa ajabu. Mwenyekiti alikaa mbele na soda yake. Mshereheshaji akaita, "Wadada wa Jumapili, mmegandia viti? Leo hakuna kuigiza!" Watu wakaangua kicheko. Shangazi wa bibi harusi akatupitia akinong'ona, "Jamani wanangu, msituaibishe." Hakuinuka mtu. Nilijisikia nina nguvu, nisiseme uongo.

Nikampelekea bibi harusi maji. Chini ya shela macho yalikuwa yamevimba.

"Mbona mmekaa kama mko msibani?"

"Tumegoma. Kwa ajili yako."

Alikunywa kidogo, akanishika kidole. "Kesho niko Puge. Huko sijui kama nitamwona hata mtu mmoja akicheza. Na leo pia nisione?"

Nilirudi nikawaeleza wenzangu. Wakainamisha vichwa.

"Mwenyekiti atasema ametuweza," mmoja akanijibu. "Mtazame anavyosubiri."

Kweli alikuwa anasubiri, chupa mdomoni.

Nikavua viatu, nikavisukuma chini ya kiti. Nikatembea mpaka katikati ya uwanja mtupu, nikampa mwenyekiti mgongo, nikaelekeza uso kwenye shela, nikaanza kucheza.