Chuma chenye Vidole Vitatu

Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, aliponiambia nimfukuze mke wangu karakanani mbele ya watu, nilipaswa kukataa. Sikukataa. Nilisimama mlangoni, nikanyoosha mkono kuelekea sokoni Kashikishi, nikamwambia mama wa watoto wangu aondoke na harufu yake ya samaki. Watu walicheka. Nami nilicheka nao.

Sababu ilikuwa chuma kimoja.

Yaya alikuwa amepata mashine kuukuu ya kukereza vyuma, ile inayozungusha chuma kwa nguvu huku kisu kikikichonga. Ilivushwa ziwa kutoka upande wa Kongo, kule tulikokimbia vita, ikaja na gunia la vifaa. Spana tulizitambua, gia tukazitambua. Kikabaki kitu kimoja: duara la chuma, pana kama mdomo wa sufuria ya bukari, ugali wetu, lenye bawaba upande mmoja, likifunguka kama bangili. Ndani yake kulikuwa na vidole vitatu vya shaba vinavyoelekea katikati, kila kimoja na skrubu yake. Chini kulikuwa na mguu mzito wenye mfereji.

Kwa wiki nzima kila aliyeingia alikuwa na jibu lake. Mvuvi mmoja alisema ni mtego wa kiboko. Mwingine alisema ni cha kutahiria tembo, na neno hilo likapendwa kuliko yote. Yaya alisema ni cha kushikia bomba. Mimi nilikuwa na shule ya sekondari, niliyoimaliza Pweto, basi walinisubiri. Niligeuza kile chuma huku na huku, nikasema ni cha mashine nyingine, kimetiwa katika gunia kwa makosa. Sikuwa najua chochote. Nilisema tu kwa sauti ya mtu anayejua.

Siku niliyotoa jibu hilo mke wangu alileta chakula kama kawaida. Aliweka beseni chini, akachuchumaa, akafungua ile bangili na kuifunga.

“Hii najua,” alisema. “Baba alitumikaka nayo kule Likasi. Chuma kirefu kikizunguka, katikati kinacheza. Hivi vidole vinakishikaka, kisicheze.”

“Nani alikufundisha, shemeji?” yaya akamuuliza. “Chisense?”

Chisense ni wale samaki wadogo aliokuwa akiwaanika na kuwauza. Wanaume walicheka.

“Nilikuwa napeleka chakula kwa baba kila siku, nangojea sahani. Niliona na macho. Mutu mumoja alikereza chuma kirefu bila hii, kikamukata mukono. Wekeni pale juu ya reli, mutaona.”

Yaya alinitazama. Wote walinitazama.

“Baba yako alifagiaka ateliye,” nikamwambia. “Fagio njo alitumikaka nayo.”

Kicheko kilikuwa kikubwa. Yeye hakuinua sauti.

“Weye ulimujua baba,” alisema.

Nilimjua. Alikuwa fundi mkerezaji maisha yake yote, na nilipokwenda kuposa alinikaribisha akiwa bado amevaa koti la kazi, kwa kuwa alitoka zamu moja kwa moja ili asinicheleweshe. Mzee yule sasa yuko kaburini na mimi nilimfanya mfagiaji wa karakana ili wavuvi wacheke.

Kesho yake mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilibaki peke yangu. Nilibeba kile chuma, nikakiweka juu ya zile reli mbili za mashine. Mfereji wa chini ulikaa juu ya reli kama kifuniko juu ya chungu chake. Nilikisukuma, kikateleza bila kugonga. Vidole vitatu vilisimama sawasawa mbele ya kitovu cha mashine. Nilikiondoa haraka, nikakirudisha pale pale kilipokuwa, nikafuta hata alama ya grisi.

Hilo ndilo ninaloandika hapa kwa shida. Nilijua.

Baada ya siku chache wateja walianza kusema kwa utani kwamba heri wamuulize yule mama wa chisense. Yaya hakupenda. Alinivuta pembeni.

“Mwambie asikanyage hapa tena. Mwambie mbele ya watu. Babu yetu alikuwa mhunzi, hakuruhusu mwanamke karibu na tanuru, chuma kinaharibika. Mwambie hivyo.”

Tanuru la babu na mashine ya umeme havina undugu, na yaya alilijua hilo vizuri kama mimi. Lakini aliponipa maneno niliyachukua. Mke wangu alipofika na beseni la chakula nilimzuia mlangoni, nikamwambia desturi ya wahunzi, kisha nikaongeza ile ya harufu ya samaki, ambayo hakuna aliyenituma.

“Na kile chuma?” aliuliza. “Mumekijaribu?”

Kulikuwa na mtu wa kisiwa cha Chisenga anayengojea propela yake. Nilikiokota kile chuma, nikamtupia miguuni.

“Fanya nanga,” nilimwambia.

Mtu yule wa kisiwani aliondoka nacho mchana uleule. Mke wangu aliweka beseni lake chini pale mlangoni, akaenda.

Haukupita mwezi, mfanyabiashara mmoja wa Kongo akaleta kazi ya shafti ya boti, ndefu kuliko mimi na nyembamba. Tuliifunga kwenye mashine ncha zote mbili. Ilipoanza kuzunguka, katikati ikaanza kutetemeka na kulia, na kisu kikawa kinaruka.

“Ishike na mti!” yaya alipiga kelele. “Paka grisi, kandamiza!”

Nilichukua kipande cha ubao, nikakikandamiza pale katikati, palipotakiwa vile vidole vitatu. Kwa muda kidogo sauti ilitulia. Kisha shafti ikapanda juu ya kisu, ikapinda, ikachomoka upande mmoja na kuzunguka kama fimbo. Ilidaka mkono wa shati langu pamoja na mkono wenyewe. Hospitalini waliukata chini ya kiwiko.

Mke wangu alikuja asubuhi. Alimuuliza yaya niliishika shafti na nini, akajibiwa, na ubao. Akageukia wagonjwa wa vitanda vya jirani.

“Muone fundi wangu,” aliwaambia. “Chombo alikifanya nanga, akaweka mukono wake pahali yake.”

Wagonjwa walicheka, na mmoja akakohoa kwa kucheka. Kisha mke wangu alikaa kitandani pangu, akanilisha bukari kwa mkono wake. Alifanya hivyo kila siku mpaka nikatoka, akinifunga vifungo, akinikatia kucha za mkono uliobaki. “Kula, bwana fundi,” aliniambia kila mara. Yaya hakuja tena baada ya juma la kwanza.

Huruma yake ilinichoma. Siku moja nyumbani, akinifunga kamba ya kiatu, nilimwambia yote: nilivyokiweka chuma juu ya reli, kilivyokaa, nilivyofuta grisi.

Alimaliza kufunga fundo kwanza.

“Mimi nilidhani ulikuwa mujinga,” alisema. “Mujinga naweza kaa naye. Kumbe ulijua, na ukamutukana baba.”

Alifungasha mabeseni yake yote ya samaki, si yale ya sokoni tu. Binti yetu alikuja kumchukua. Nilimwomba anisubiri nipone. Alinijibu kwamba nimeshapona.

Anaishi Kafutuma kwa binti yetu sasa, analima mihogo. Nimetuma watu mara tatu, na mara tatu wamerudi na jibu kwamba hana la kusema nami. Kumfukuza siku ile pale mlangoni kulinigharimu mkono wa kulia, na mke niliyeishi naye miaka thelathini na mmoja.