Viazi vya Mzazi

Yudith alitoka chuoni Mbeya, akaja Nyololo kufanya fildi, mafunzo yake ya vitendo, kwenye shirika linalosaidia watoto wanaoishi katika mazingira magumu. Msimamizi wake, Mama Lusia, alimpokea kama binti yake wa kumzaa. Alimpa chumba nyumbani kwake, akala naye sahani moja, akamfundisha kazi. "Mwanangu, siri ya mtoto haivuki mlango wa ofisi hii," alimwambia siku ya kwanza. Yudith akaamini. Nani asingeamini?

Ndiyo maana Frida, binti wa kidato cha pili, alipomfungukia, Yudith hakuona ubaya kumpelekea Mama Lusia habari yote. Frida alikuwa akilelewa na bibi yake, na bibi alikuwa ameshakubali aachishwe shule, apelekwe Dar kufanya kazi za ndani. Kuna mtu alikuja kumwomba. Frida hakuambiwa ni nani.

"Jumamosi bibi akienda gulioni, natorokea Igawa kwa mama mdogo," alimnong'oneza Yudith. "Yeye ataniacha nisome. Usimwambie mtu, dada."

Mama Lusia alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma. Jamani, watoto wa watu wanavyoteseka! "Niachie mimi, mwanangu," akasema.

Akaachiwa. Lo!

Ijumaa asubuhi akamwomba Yudith amsaidie kubeba kiroba cha viazi hadi stendi. Mdogo wake wa Dar alikuwa amejifungua, na huku hongera ya mzazi haiendi mikono mitupu. Yudith akajitwika, tena anatania kwamba kichanga huyo ataota meno kwa viazi vya huku kwetu Mufindi. Basi lilikuwa limeshasimama. Na pale mlangoni, amevaa sweta la shule, mfuko wa rambo mkononi, alikuwa amesimama Frida.

"Huyu naye anakwenda kwa mzazi," Mama Lusia akasema, wala hakuona haya. "Nilishaongea na bibi yake tangu mwezi jana. Afadhali uliniambia mapema mambo ya Jumamosi, angenitoroka huyu."

Kikulacho ki nguoni mwako! Mama aliyemwita mama, kumbe ndiye mtu mwenyewe, na Yudith kwa mdomo wake ndiye aliyemjulisha siku ya kumwahi Frida. Akabwaga kiroba, viazi vikatapakaa chini, akamshika Frida mkono.

"Twende polisi, mdogo wangu. Sasa hivi! Hupandi basi hili."

"Acha utoto wewe," Mama Lusia akasema, ameinama anaokota viazi vyake.

Frida aliutoa mkono wake taratibu. Hakulia, hakugomba.

"Dada Yudith, wewe unamwamini kila mtu," alisema. "Mimi siwezi tena."

Akapanda basi mwenyewe.