Triga Nyepesi ya Baba

Nilimwita baba kwa sababu kila mfanyakazi wa nyumba ile alimwita hivyo. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini kufanya kazi kule, alikuwa mzee mwembamba wa Riyadh aliyefiwa na mkewe, na mimi nilikuwa dereva wake. Kabla ya hapo nilikuwa nikibeba katoni kwenye bohari lake la Sulay. Dereva wake wa zamani aliporudi kwao, baba aliuliza nani ana leseni. Wenzangu walinisukuma mbele, maana mimi mwenyewe nisingefungua mdomo.

Kila Ijumaa baada ya alasiri nilimpeleka klabu ya kulenga shabaha. Bastola yake ilikuwa ya zile zinazojipakia risasi zenyewe kila zinapopigwa. Sikuigusa hata siku moja, haikuruhusiwa. Kazi yangu ilikuwa kubandika karatasi ya shabaha na kuileta mezani baba akimaliza. Alikuwa akipitisha kidole kwenye kila tundu polepole, kama mtu anayechambua maharagwe.

Kisha matundu yakaanza kutawanyika. Mengine hayakuwa kwenye karatasi kabisa. Baba alisema ni bastola.

"Vifaa vya kiwandani vimetengenezewa kila mtu," alimwambia fundi wa klabu, Msudani mpole. "Nataka vya kwangu."

Fundi akaanza na mpini, akaweka wa raba usioteleza. Halafu akabadilisha vidude vya kulengea vilivyo juu ya mtutu, vipya vikawa na nukta nyeupe. Kila kifaa kilimfurahisha baba kwa Ijumaa moja, kisha matundu yakarudi kutangatanga. Mwisho ikafika zamu ya triga. Ile ya kiwandani ilikuwa ngumu, ilitaka kidole kivute kwa nguvu. Mpya ilikuwa nyepesi sana.

Mimi nilikuwa nimeshaona finjani ya kahawa ikitetemeka mkononi mwake. Nikamwambia mlinzi wa lango, Mkenya mwenzangu aliyenizidi umri.

"Shida si bastola. Ni mkono."

"Na wewe umekuwa daktari lini?" akaniuliza. "Haya, enda umwambie mzee mkono wake umeisha. Kesho uko Sulay, unabeba katoni na hiyo hekima yako."

"Sasa tunyamaze tu?"

"Hapa hakuna anayenyamaza. Sote tunasema tamam, sawa. Tamam, baba! Tamam kabisa!" Akapiga saluti ya mzaha. Nilicheka, ingawa haikuwa ya kuchekesha.

Kila mwaka baba alikwenda Jeddah kushindana na mdogo wake, wao wawili tu, katika shamba la huyo ndugu nje ya mji. Walianza wakiwa vijana. Mwaka ule ndugu yake alimwambia kwa simu, nami nikasikia kwa kuwa sauti ilitoka kwenye spika za gari: ukipiga kama mwaka jana, basi uwe unakuja kunywa kahawa tu. Baba alicheka kwenye simu. Alipokata, hakucheka tena.

Njia ya Jeddah ni ndefu, na jangwani hakuna wa kumwonea aibu. Tulipopita Taif nilijikaza.

"Baba, labda triga ya zamani ilikuwa bora. Hii inawahi kufyatuka."

Alinigeukia. Nilidhani atasema halas, imetosha, rudi bohari. Badala yake alitazama mkono wake, akaulaza juu ya goti.

"Ile ngumu ilinichosha, nikitaka kuivuta mkono wote unacheza," alisema. "Hii nyepesi inanitoroka. Sasa wewe niambie, nifanye nini?"

Nilikuwa nimebeba maneno yale wiki nzima nikiamini ni mimi peke yangu ninayejua.

Shambani ndugu yake alipiga kwanza, akapiga vizuri. Baba akasimama mahali pake, akaanza kuinua mkono. Bastola ililia kabla haijafika usawa wa shabaha. Mchanga uliruka mbele yetu, si mbali na miguu. Hakuna aliyeumia. Ndugu yake alikwenda taratibu, akamshika kifundo cha mkono, akachukua bastola na kuitoa risasi.

"Halas, ndugu yangu," alisema. Hakusema kwa ubaya. Afadhali angefoka.

Jioni ile nilipewa ruhusa niende mtaa wa Ghulail, ambako Wakenya walikuwa wamepika ugali. Waliniuliza mzee wangu alipigaje. Nikasema vizuri.

Tuliporudi Riyadh, Ijumaa zikawa za duka la dawa na kurudi nyumbani. Siku moja fundi alinipigia. Alisema vidude vingine vya kulengea vimefika, vile baba alivyoagiza kabla ya safari, vinavyong'aa hata kwenye kivuli. Nilimkuta baba sebuleni nikamwambia.

"Umeviona?" akauliza.

"Mafi, baba, sijaviona. Amesema tu ni vya kijani."

"Kijani," alisema. Alifumba jicho moja, akatazama ukutani kwa muda. "Mwambie ampe kijana yeyote pale klabuni."

Nilikwenda nje kumpigia fundi. Aliniuliza kijana gani, nikamwambia yeyote.