Dakika Ishirini na Tano Kabla ya Magharibi

Watu wengi wamenipa pole kwa kufiwa, na wengi zaidi wamenipa hongera. Hongera, ndiyo. Kwa sababu mume wangu alikufa amefunga, siku ya tisa ya Ramadhani ya mwaka jana, safarini, katika nyika ya Australia. Watu wetu hapa Birmingham wakisikia hivyo macho yanawalegea, wanasema hicho ni kifo cha kutamaniwa. Nilikaa eda nyumbani, Hodge Hill, miezi minne na siku kumi, nyonga yangu imetiwa vyuma, wageni wanaingia na kutoka na maneno hayo hayo. Sikumjibu mtu.

Najibu sasa kwa ajili ya binti yangu. Ana mimba ya miezi saba, na mimba imemletea sukari. Mkunga kamkataza kufunga, naye akafunga. Siku ya tatu ya Ramadhani hii alikuja kwangu, midomo imemkauka kama karatasi. Nikamwambia ale. Kiswahili anakisikia chote lakini hakimtoki, kwa hiyo alinijibu kwa Kiingereza kama siku zote: baba alikuwa na sukari vile vile, na baba alifunga mpaka dakika yake ya mwisho, na yeye ni mtoto wa baba yake.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu. Mama aliugua, nikatolewa shule nikae na wadogo zangu, ndiyo elimu yangu hiyo. Kuandika kwangu ni kama kusema kwangu. Lakini kusema najua, na waliomuua mume wangu nitawataja mmoja mmoja.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi. Tulitimiza miaka thelathini ya ndoa, na binti akatukatia tiketi mpaka Perth, kwa kaka yake mume wangu, na akatukodia gari. Tuendeshe, alisema, tufuate pwani kwenda juu, halafu tukate ndani nyikani, tuone dunia. Siku alizipanga kwa likizo ya baba yake. Hakuangalia mwezi utaandama lini. Amezaliwa hapa, kalenda yake ni ile ya ukutani. Basi Ramadhani ikatukuta njiani. Yeye simtaji. Nasema tu ilivyokuwa.

Wa kwanza ninayemtaja ni daktari wetu wa mtaa. Mume wangu alikuwa akiendesha foklifti, ile gari ya kuinulia mizigo, kwenye karakana moja Tyseley, na sukari ilimwingia akiwa na miaka hamsini. Mwezi mmoja kabla ya safari daktari alimbadilishia vidonge kwa simu. Dakika sita. Alimwambia hivi vina nguvu zaidi, vinaweza kuiteremsha sukari ghafla, asikae na njaa. Hakumwona uso, hakumuuliza anakwenda wapi. Mume wangu alisema asante daktari, akakata simu, akaniuliza kama chai iko tayari.

Wa pili ni mume wangu mwenyewe, Mungu amrehemu. Sukari aliionea haya. Kaka yake aliwahi kuiita ugonjwa wa walafi, akacheka, na tangu siku hiyo mume wangu hakutaka ajue kama anayo. Kile kidude cha kupimia damu kwenye kidole alikificha ndani ya soksi, chini kabisa ndani ya sanduku kubwa. Siku ya kuondoka Perth tuliliacha sanduku hilo kwa shemeji ili gari liwe jepesi. Kidude kikabaki humo.

Lakini zile siku za mwanzo, wallahi, nilikuwa nimesahau kama tunajua kucheka. Miaka thelathini tumeishi kwa kupishana: yeye anatoka alfajiri kwenda Tyseley, mimi narudi jioni kutoka Aston, ninakosafisha viti vya uwanja wa mpira baada ya mechi. Bahari yetu ilikuwa ule mfereji nyuma ya karakana, wenye bata na mifuko ya plastiki. Sasa tumekaa ndani ya gari moja, bahari iko kushoto siku nzima, na hakuna anayetazama saa. Aliendesha kama anaendesha foklifti. Taratibu, mikono yote miwili, na akiliegesha gari lazima liwe sawasawa na mstari. Wazee wa Kizungu wenye karavani zao, vijumba vya kukokotwa na gari, wakatupita wote. Mimi nikamwambia hata hawa wenye magongo wanatupita. Akasema, "Tulia, bi mkubwa. Bi mdogo anatusubiri huko mbele, sina haraka ya kumwona." Bi mdogo hakuwepo wala hakuwahi kuwepo. Ndio ulikuwa utani wake tangu mwaka wa kwanza.

Mwezi ulipoandama tukakubaliana tutumie ruhusa. Msafiri anaruhusiwa kula, akalipa siku zake baadaye akishatulia. Mgonjwa naye kadhalika. Mume wangu alikuwa na ruhusa mbili mkononi. Siku tano tulikula. Tulikula samaki na chipsi juu ya mchanga, nimekunja buibui mpaka magotini, maji yananipiga miguu, na nzi wa nchi ile wakitaka nao fungu lao.

Wa tatu, na huyu ningemtaja mbele ya msikiti mzima, ni shemeji yangu, kaka wa mume wangu.

Alipiga simu siku ya tano, adhuhuri. Mume wangu hajui kudanganya, na tena mdomo ulikuwa umejaa. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti, nikasikia yote. Shemeji akauliza unatafuna nini. Samaki, mume wangu akasema. Shemeji akasema polepole, kama anayemsomea mtoto:

"Baba alifunga akiwa juu ya mkarafuu, jua la kichwa, tumbo halina kitu. Wewe umekaa kitako kwenye kiyoyozi unaita safari. Au hao Waingereza wamekupa dini mpya?"

Mume wangu akasema kaka, ruhusa ipo. Shemeji akajibu ruhusa ni ya wenye shida. Halafu akaongeza, akijua mimi nasikia: "Nyumba ikila mchana, mtazame mke."

Maneno hayo yalinilenga mimi. Samaki wangu nikawatupia ndege. Mume wangu akaniambia tuachane naye, ndiyo kawaida yake, tangu wadogo anataka kuwa baba. Mimi nikasema hapana. Kesho tunafunga. Akanitazama, akauliza, "Na vidonge?" Nikamwambia atavimeza wakati wa daku na wakati wa kufuturu, kama wanavyofanya watu wengine. Wapo hapa Birmingham wazee wenye sukari na wanafunga, nawajua. Sikufikiria kwamba hao vidonge vyao si hivi, wala hawaendeshi gari kutwa nzima. Sikufikiria kitu. Nilikuwa na hasira.

Tukafunga siku ya sita, na shemeji akapiga simu magharibi. "Mmefunga?" Mimi ndiye niliyeipokea. Nikasema, "Tumefunga, shemeji, alhamdulillahi." Alinisifu. Miaka thelathini hakuwahi kunisifu, hata siku niliyomzalia ndugu yake mtoto. Siku ya saba akapiga, siku ya nane akapiga. Nilikuwa naisubiri simu ile kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

Wakati huo tulikuwa tumeshaiacha bahari, tumeingia ndani. Nyika yao si kama nyika ninayoijua mimi. Udongo mwekundu, vichaka vifupi, vichuguu vimesimama kama watu waliosahauliwa, na barabara moja iliyonyooka mpaka macho yanakataa. Unakwenda saa mbili humwoni mtu, halafu linakuja lori lenye matela matatu, gari zima linatikisika. Kangaruu waliokufa wamelala kando ya njia. Daku tulikuwa tunakula kwenye vituo vya mafuta, chochote kilichobaki tangu jana yake. Siku ya tisa kilichobaki kilikuwa chipsi baridi na chai. Mume wangu alimeza kidonge chake, akala chipsi nne, akasema hazipandi. Sikumlazimisha.

Mchana wake tuligeuza gari kurudi pwani, jua likawa linatupiga usoni. Alasiri akawa kimya. Nikaona jasho juu ya mdomo wake, na kiyoyozi kinapuliza. Nikamuuliza umechoka? Akasema kidogo. Mikono ilikuwa inatetemeka kwenye usukani na mimi niliiona. Miaka sita nimeishi na sukari ile, dalili zake nazijua kuliko aya nyingine za Kurani.

Kwenye mapaja yangu kulikuwa na mfuko wa futari: tende, chupa ya maji, na kile kipakiti kidogo cha juisi ya tufaha chenye mrija wake. Tulikuwa nacho siku zote kwa ajili ya sukari ikishuka. Nilikuwa nimekishika mkononi.

Akasema, "Bi mkubwa, nipe ile juisi."

Nikatazama saa ya gari. Nikasema, "Zimebaki dakika ishirini na tano. Siku nzima uitupe kwa dakika ishirini na tano, bwana?"

Alicheka kidogo. Akasema, "Haya. Umekuwa sheikh."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Hakusimamisha gari, mimi sikumwambia asimamishe. Nilikuwa nawaza simu ya shemeji, nitakavyomjibu. Niligeuka kutazama upande wangu, nikasikia mawe chini ya matairi. Nilipomgeukia, kichwa kilikuwa kimelala begani kama mtu anayesinzia kwenye hotuba ya Ijumaa. Gari likatoka barabarani bila kelele, likakigonga kichuguu, likapinduka.

Aliyetukuta ni dereva wa lori, Mzungu mnene mwenye kaptula. Alinikuta naning'inia kwenye mkanda, akanitia maji mdomoni. Nikayatema. Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu hiki cha kusafishia viti, kama jua limeshazama. Maskini alidhani nimepata wazimu, akanishika kichwa. Kumbe nilikuwa na akili zangu zote. Nilikuwa nailinda funga, na mume wangu yuko pembeni yangu amekwisha.

Shemeji alikuja. Alimchukua ndugu yake hospitali, akampeleka Perth, akamwosha, akamsalia, akamzika, yote ndani ya siku mbili. Nilimwomba angoje niweze kukaa kwenye kiti cha magurudumu, nimwone uso tu. Akasema maiti haingojeshwi, na mwanamke hana kazi makaburini. Nilirudi Birmingham na picha ya kaburi kwenye simu. Daktari wa huko alisema sukari ilishuka ikamzimisha kabla ya gari kupinduka. Shemeji akawatangazia watu ajali. Ndugu yangu, anasema, alikuwa na funga yake kinywani. Haelezi nani aliyemtia aibu mpaka akafunga. Na hawezi kueleza kuhusu juisi, kwa sababu haijui. Aliyekuwa akiijua ni mmoja, naye alikuwa anapewa hongera na kuzipokea.

Basi siku ile binti aliponiambia baba alifunga mpaka dakika ya mwisho, nilimwambia akae. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikuwa akitikisa kichwa, akanishika mkono, akasema alijua siku zote kwamba baba yake mkubwa ni mtu mbaya. Ningeweza kuishia hapo. Alikuwa tayari kumchukia shemeji, na mimi nilikuwa tayari kumwachia. Lakini kumchukia shemeji kusingemlisha. Angefunga zaidi, ili awe upande wa baba yake.

Nikasema, "Baba yako aliomba juisi. Mimi nilimnyima."

Aliuondoa mkono wake. Akatazama tumbo lake. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, yule ambaye Kiswahili hakimtoki:

"Ulikuwa nayo wapi?"

"Mkononi."

"Mkononi mwako."

"Ndiyo, mwanangu."

Akasimama, ameshika kiuno kwa uzito. Akaenda jikoni, nikasikia friji inafunguka. Nilimwona mgongo tu. Alimimina juisi kwenye glasi, akainywa yote kwa mara moja, amesimama, mchana kweupe. Akamimina nyingine akainywa. Akaiosha glasi, akaifuta, akairudisha kabatini mahali pake. Akavaa koti, akatoka. Hakuubamiza mlango. Angeubamiza ningepumua.

Hajanipigia simu tangu siku hiyo. Mumewe ni kijana mwenye adabu, ananiandikia kila siku adhuhuri. Sikumwomba. Maneno ni mawili tu: amekula, mama. Jana alizidisha kidogo, akaandika kwamba amekula wali na samaki, na kwamba asubuhi ile mkunga alifurahia kipimo cha sukari.

Niliusoma ujumbe huo mara tatu. Sikumjibu ampe binti salamu zangu, maana najua hazitakiwi. Nikaiweka simu juu ya meza, na tende zangu tatu, na maji, nikakaa kungoja magharibi.